Lenzi Inayobaki Kwenye Kamera

Ziwa limetulia, umeme upo, mhariri hajapiga simu tangu asubuhi. Basi tuongee mambo yetu.

Mwaka 2023, mwezi wa saba, nilikuwa Bunda mjini, pembeni ya ile barabara kuu inayotoka Mwanza kwenda Sirari. Nimesimamisha stendi yangu ya miguu mitatu, kichwa kiko ndani ya kitambaa cheusi, nahangaika na fokasi. Nikasikia sauti nyuma yangu: "Kaka, samahani, mnapima kuanzia wapi mpaka wapi?" Nikatoa kichwa. Kina mama watatu wauza nyanya, wamevuka barabara kunifuata, na nyuso zao hazina utani hata kidogo. Mtu mwenye miguu mitatu kando ya barabara ni mtu wa ardhi, na mtu wa ardhi akishaondoka, kinachofuata ni alama nyekundu ya X ukutani. Nikajieleza: mimi ni mwandishi wa habari, napiga picha tu. Mmoja akainama, akaikagua kamera yangu mbele na nyuma, akacheka. "Hili sanduku? Si ungetumia simu?"

Suala la simu tuliache kwa leo. Kilichonisumbua ni kingine, na kilinipata nikiwa kwenye gari narudi: kwa nini nilikuwa nimesimama mbali vile? Nilitaka kuwapiga picha wao hao hao, na meza zao za nyanya, lakini nilikuwa ng'ambo ya barabara kama mpima viwanja kweli. Hawakukosea hata kidogo kuniogopa. Kosa lilikuwa la lenzi.

Kwa wasioyajua haya mambo, nieleze haraka. Kamera yangu haitumii filamu ya kuviringishwa. Inatumia filamu za vipande, kimoja kimoja, kila kimoja inchi 4 kwa 5, ukubwa wa kiganja. Unapakia vipande viwili kwenye holda, gizani, kimoja kila upande. Ukifyatua mara mbili, holda imekwisha. Filamu hizi Musoma haziuzwi, naagiza nje, boksi la vipande 25, na nikipiga hesabu na nauli yake, kipande kimoja kinakula pesa ya milo miwili mitatu ya mama ntilie. Kwa hiyo sipigi ovyo. Ila ukishaona negativu ya ukubwa ule imeinuliwa dirishani, kila jani lipo, kila uzi wa shati upo, basi tena, umeshapotea.

Lenzi zake hupimwa kwa milimita kama nyingine zote, ila namba zinamdanganya aliyezoea kamera ndogo. Gawanya kwa tatu na nusu ndipo utaelewa. Lenzi ya milimita 210 kwetu ni kama 60 kwenye kamera ya kawaida. Ya 150 ni kama 43. Ya 135 ni kama 39, na ya 90 ni kama 26, pana kabisa. Vitabu vinaiita 150 lenzi ya kawaida kwa sababu ulalo wa kipande cha filamu, kona hadi kona, ni kama milimita 150. Hapo ndipo ubishi unapoanzia, na wapiga picha wa namna hii wanavyopenda kubishana kuhusu lenzi, utadhani wanagombea ubunge. Kila mmoja anaulizwa: ukiambiwa ubaki na moja tu, ya kila siku, utabaki na ipi?

Mimi nilijibu vibaya kwa mwaka mzima.

Kamera yangu ni Crown Graphic, imetengenezwa Marekani, na kiwanda kiliitoa kati ya mwaka 1947 na 1973. Ni ndugu mwepesi wa Speed Graphic, ile kamera unayoiona kwenye sinema za zamani mikononi mwa waandishi wenye kofia, na taa yenye sahani kubwa pembeni. Joe Rosenthal alikuwa na Speed Graphic pale Iwo Jima mwaka 1945 alipopiga ile picha ya wanajeshi wanaosimamisha bendera. Yaani hii ilikuwa kamera ya magazeti. Ilikuwa ya watu wa kazi yangu, kabla kamera ndogo hazijaiondoa. Mshikaji wangu aliyekuwa anarudi kutoka masomoni aliniletea kwenye begi, imefungwa kwenye taulo, na mbele yake ilikuwa na kilenzi kidogo cha Schneider, Xenar ya milimita 135.

Nikakidharau. Nilikuwa nimesoma sana, ndilo tatizo la sisi tuliokaa chuo miaka mitatu, tunaamini kilichoandikwa. Nilikuwa nimesoma kwamba Xenar ni lenzi ya vioo vinne tu, ukoo wa Tessar aliyoibuni Paul Rudolph wa Zeiss mwaka 1902. Kwamba inatosha kufunika kipande cha filamu na haina ziada. Kwamba lenzi ya picha za watu ni 210, maana haivuti pua, uso unatulia. Nikajinyima, nikatafuta Symmar-S ya 210, dude karibu nusu kilo, zuri ajabu, kioo chake cha mbele kinakutazama kama jicho la ng'ombe. Xenar nikaiweka kwenye soksi, soksi nikaiweka chini ya kitanda.

Sasa sikilizeni. Siku ile ile ya kina mama wa nyanya nilikuwa naelekea kwa babu mzaa mama, nje kidogo ya Bunda, upande wa ziwani. Nilikuwa nimemwahidi picha. Nilipofika nilimkuta ameshajiandaa tangu alfajiri.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mpinzani wangu. Umechelewa. Jua litanichakaza na suti yote hii."

Alikuwa amevaa koti la kahawia, na miguuni viatu vyeusi ambavyo mama alimnunulia Krismasi akavificha, vinang'aa mpaka unajiona. Hakutaka kupigwa kwingine kokote ila mlangoni kwake. Nyumba ile aliijenga kwa pesa ya pamba, zamani pamba ilipokuwa pamba, na mlango ule wa mninga ndio aliokuwa anamwonyesha kila mgeni. Akasimama, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango, akasema, "Nipige mzima. Na viatu."

Sasa ua wa Babu una nafasi gani? Kati ya mlango na ukuta wa jiko ni kama mita nne na nusu. Twendeni na hesabu kidogo, haziumi. Mtu mzima aliyesimama, ukimwachia nafasi kidogo juu na chini, unahitaji picha ya urefu wa mita mbili na ushee. Kwa lenzi ya 210, kamera lazima iwe mita nne kutoka kwake. Na mimi nyuma ya kamera nahitaji karibu mita moja ya kuinama na kitambaa changu. Jumla mita tano. Mimi nina nne na nusu, na hiyo nusu ya mwisho ina kuni za Bibi.

Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Nikasogeza kuni. Nikainama, nikapinda shingo, nikatazama kioo: kichwa, koti, mkono mlangoni, mapaja, basi. Nikasema labda asogee pembeni kwenye ua wa minyaa, kule kuna nafasi. "Kwenye minyaa kuna nini?" akaniuliza. Kweli, hakukuwa na kitu. Jua linapanda. Mzee ana zaidi ya miaka themanini, anatetemeka kidogo, hataki kukaa. Nikaingiza holda, nikafyatua. "Tayari, Babu."

Nilimpelekea picha baada ya wiki tatu. Ilikuwa picha nzuri, sitajidai sio. Uso wake umetulia kabisa, kila mstari upo, na mbao za mninga nyuma yake zinaonekana hadi nyuzi. Aliitazama muda mrefu. Kisha akaigeuza, akatazama nyuma ya karatasi, kana kwamba sehemu iliyobaki imechapwa huko.

"Viatu viko wapi?"

Nikamwambia nitarudi na lenzi nyingine. Akasema sawa. Nikapangiwa habari Tarime, halafu Serengeti, halafu semina. Babu alifariki mwezi wa kumi na moja. Kwenye msiba walining'iniza picha ile ile barazani, na watu wakaisifu, wakanipa mkono kwa picha na pole kwa wakati mmoja.

Nilivyorudi Musoma nikatoa soksi chini ya kitanda.

Kwa Xenar ya 135, picha ile ile, mzee mzima na viatu vyake, ilihitaji kamera iwe mita mbili na nusu hivi kutoka mlangoni. Weka mita yangu moja: tatu na nusu. Ningebakiwa na mita nzima, na kuni nisingezigusa. Halafu huyu aliyekuja na lenzi hii toka kiwandani alikuwa hajasoma kama mimi, alikuwa amefanya kazi tu. Waandishi wale wa zamani walifanya kazi ndani ya vyumba vya mahakama, kwenye ngazi, kwenye vibaraza, wamebanwa na watu, kama tunavyobanwa sisi. Lenzi zao za kila siku zilikuwa hizi fupi kidogo kuliko ya kawaida, 127 na 135. Mtu hupunguza kipande pembeni wakati wa kuchapa. Kuongeza viatu hakuna awezaye.

Na huku kwetu kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya havilijui: hakuna kupiga picha ya mtu mmoja. Nenda Makoko, nenda Nyasho, nenda kijiji chochote cha Butiama useme unampiga picha bibi wa watu. Kabla hujafungua mvukuto wapo wajukuu sita, jirani, na kijana wa bodaboda aliyekuleta naye anajipanga mwisho wa mstari. Kuwafukuza ni ukosefu wa adabu, na kwa maoni yangu ni kuiharibu picha. Kwa 210 nilikuwa nawafukuza. Kwa 135 nawaambia sogeeni.

Umbali nao una maana yake. Mita mbili na nusu ni umbali wa maongezi. Mtu ananisikia nikiongea chini ya kitambaa, ananijibu, ananicheka. Mita nne au tano lazima upaze sauti, na mtu anayepaza sauti nyuma ya miguu mitatu, tumeshaona anafananishwa na nani.

Mnamjua Seydou Keïta wa Bamako? Alifungua studio yake mwaka 1948, akafanya kazi na kamera kubwa kuliko yangu, ya filamu za sentimita 13 kwa 18, na picha nyingi alizipiga uani, kwa mwanga wa jua, kitambaa kimening'inizwa nyuma. Kwa kubana matumizi kila mteja alimpiga mara moja tu. Zitazameni zile picha. Watu wamekuja na saa zao, redio zao, hata pikipiki, na viatu vimo. Yule mzee alijua mteja analipia nini. Studio zetu za zamani nazo zilijua, ndiyo maana ukifungua albamu ya mama yako utakuta kila mtu amepigwa mzima, amesimama kwenye zulia, hata kama uso ni mdogo kama punje ya mahindi. Sisi tuliosoma ndio tukaja na habari ya kukata watu kiunoni tukaiita sanaa.

Sababu nyingine ni ya kijinga kidogo lakini ndiyo inayoamua. Crown Graphic inajifunga kama sanduku, na Xenar inabaki ndani. Nafunga, natia kwenye begi, napanda bodaboda, nashuka, nafungua, lenzi iko tayari mahali pake. Ile 210 haikai ndani. Kila safari ilikuwa itolewe, ifungwe kwenye kitambaa, ifunguliwe, na vumbi la barabara za Mara mnalijua lenyewe. Lenzi ya kila siku kwangu ndiyo hiyo, inayobaki kwenye kamera ukiifunga. Nyingine zote ni za wageni.

Halafu kuna kile kipimio cha umbali pembeni ya kamera. Changu kimerekebishwa kwa 135 toka zamani, kwa hiyo nikiwa na Xenar naweza hata kuacha stendi nyumbani. Jumamosi moja nilishuka Mwigobero asubuhi, mitumbwi inaingia, nikashika sanduku mkononi kama wale wenye kofia. Filamu ya 400, jua kali, tundu f/16, shata 1/250. Vipande vinne, vitatu vimetoka. Mvuvi mmoja akaniuliza kama ni kamera au redio. Hakuna aliyeuliza napima nini.

(Wanaoniuliza nasafishia wapi: bafuni kwangu, usiku, mabeseni matatu. Dawa inataka nyuzi 20, maji ya bomba ya Musoma hayajawahi kuwa nyuzi 20 tangu nizaliwe, kwa hiyo nanunua barafu kwa wauza samaki. Naiweka nje ya beseni, siyo ndani. Ndiyo, bafu linanuka sangara.)

Sasa nisije nikaonekana nauza Xenar. Ina kasoro, na nilizikuta zote siku moja, Mwitongo, kule Butiama.

Nilikwenda kwa ajili ya habari ya kumbukumbu ya Mwalimu, Oktoba. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 na akazikwa pale kwao tarehe 23, kilimani, kwenye mawe yale makubwa. Niliomba ruhusa, nikaruhusiwa, nikasubiri wageni wapungue. Nilitaka jengo lililofunika kaburi, lisimame wima bila kuegemea nyuma, na anga juu yake. Kwa kamera hizi huinui kamera juu. Unaiacha sawa na ardhi, unapandisha lenzi peke yake. Nikapandisha. Kwenye kioo chenye ukungu niliona sawa, maana kona za kioo kile ni giza siku zote. Nilivyosafisha filamu na kuchapa picha: kona mbili za juu nyeusi tii, kama mtu ameweka vidole. Xenar inafunika kipande na haina ziada, kama walivyoandika. Hapo waliosoma walikuwa na haki yao. Mwenye 135 ya kisasa zaidi, kama Nikkor-W, ana duara la mwanga la karibu milimita 200 akifunga tundu hadi f/22, angepandisha bila wasiwasi.

Kipande cha pili kiliniokoa kwa bahati. Nilikuwa nimechoka, nikashusha lenzi mahali pake, nikarudi nyuma kwenye mawe mpaka jengo likawa dogo, na mbele yangu likabaki jiwe kubwa na kivuli cha mti. Nikafunga tundu hadi f/32, jiwe na jengo vyote viwe safi. Mwalimu alikuwa mtu wa kwenda kukaa kwenye mawe yale, kwa hiyo picha yenye jiwe mbele na kaburi mbali sijaona kama ni hasara. Lakini nakiri sikuichagua, nililazimishwa.

Kuna pia ulaini. Kwenye f/4.7 tundu likiwa wazi lote, pembe za picha zinalegea. Kuanzia f/16 zinakaza. Na shata yangu ikipoa asubuhi, sekunde moja inakuwa sekunde moja na nusu, naihesabu kwa mdomo.

Wenye 90 nawaheshimu, hasa kwa mawe ya Musoma na anga ya ziwani. Nimewahi kuazima moja kwa wiki. Kioo kinakuwa giza kiasi kwamba unafokasi kwa imani, na mzee akinyoosha mkono kwenye kamera, mkono unakuwa mkubwa kuliko kichwa. Wenye 150 sina ugomvi nao. Tofauti kati yao na mimi ni hatua moja ndogo, na kama ua wa kwenu una hiyo hatua, endeleeni.

Pasaka iliyofuata nilikwenda kwa Bibi. Picha ya Babu sasa imewekwa kwenye kioo, sebuleni, juu ya redio. Nikamwambia nataka kumpiga mlangoni, pale pale. Akasimama bila kubishana, kanga mpya, na kandambili za bluu. Nikaweka stendi mita mbili na nusu. Kuni zilikuwepo nyuma yangu, sikuzigusa. Nikatazama kioo: yupo mzima, juu chini, na kizingiti chote.

"Bibi, miguu yako inaonekana yote."

"Kweli, mume wangu?"

Akajitazama miguuni. Akavua kandambili moja, akavua ya pili, akazisukuma pembeni kwa kisigino mpaka zikatoka kwenye picha.

"Haya, piga."

Fokasi imeangukia kidogo kwenye mlango kuliko machoni, kosa langu, nilikuwa nacheka. Hajalalamika.

Ile Symmar-S ya 210 naiuza. Kioo ni safi, hakina mkwaruzo wala ukungu, shata inafanya kazi kasi zote. Mwenye ua mkubwa anitafute.